KWA NINI PETROLI NA DIZELI HUHARIBIKA ZIKIWEKWA SIKU NYINGI

Watu wengi hudhani ya kuwa petroli ni kama chumvi au jiwe, kwamba ukiifungia katika pipa leo utaikuta vile vile hata ikipita miaka mitatu. Maana haina mdudu wa kuitoboa kama mahindi, wala haivundi kama nyama, wala haigandi kama maziwa. Kwa sababu hiyo mwenye shamba aliyenunua pampu ya kumwagilia maji huiweka ghalani mvua zinapoanza, petroli ikiwa ingali ndani ya tangi, na pipa lililobaki nusu likiegemezwa ukutani. Miezi sita baadaye, jua linapokuwa kali na miche ya kabichi inapoanza kunyauka, huvuta kamba ya injini mara ishirini, mara arobaini, nayo haiwaki. Fundi akiitwa hufungua kabureta na kukuta ndani yake kitu cha rangi ya hudhurungi, mfano wa asali iliyokauka, kimeziba vitundu vyote. Hapo mwenye pampu humlaumu aliyemwuzia petroli, akisema imechanganywa. Mara nyingine ni kweli imechanganywa. Lakini aghalabu hakuna aliyemdhulumu: petroli imeharibika kwa kukaa.

Hasara ya miche ni kubwa kwa mwenye shamba, walakini iko hasara iliyo kubwa zaidi. Hospitali na zahanati nyingi zina jenereta ya dizeli inayongoja siku umeme utakapokatika. Jenereta hiyo ndiyo iliyo katika hatari kupita injini zote, kwa kuwa haitumiwi. Basi hutumia dizeli kila siku, hivyo mafuta yake ni mapya daima. Jenereta ya akiba hukaa na mafuta yale yale mwaka mzima, na siku ile inapohitajiwa, huenda mgonjwa yuko mezani mbele ya daktari. Kwa hiyo yafaa kila mtu anayeweka mafuta akiba, awe ni mwenye lori, au mwenye kinu cha kusagia, au mwangalizi wa zahanati, ajue ni mambo gani yanayotokea ndani ya pipa baada ya kifuniko kufungwa.

MAFUTA NA HEWA

Petroli, mafuta ya taa na dizeli zote ni ndugu waliotoka tumbo moja, yaani mafuta ghafi yachimbwayo ardhini. Zote zimefanywa kwa vitu viwili, haidrojeni na kaboni, vilivyounganishwa kwa namna nyingi mno, hata katika kikombe kimoja cha petroli kuna mamia ya aina za chembe. Chembe za petroli ni ndogo na nyepesi. Za mafuta ya taa ni kubwa kidogo. Za dizeli ni kubwa zaidi. Adui wa zote ni oksijeni, ile sehemu ya hewa ambayo sisi sote huivuta tupate kuishi. Ndiyo inayokifanya chuma kushika kutu, na samli kuchacha.

Watu wa pwani wamelijua jambo hili tangu zamani, ijapokuwa hawakuliita kwa jina la kitaalamu. Mafundi wa majahazi hupaka mbao kwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, ili kuzikinga na maji ya bahari. Sifa ikipakwa huwa majimaji na yenye harufu kali. Baada ya siku kadhaa juani huwa kama ngozi nyembamba yenye kunata, kisha hukauka. Haikukauka kwa kugeuka mvuke kama maji yanavyokauka. Imekauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na chembe zake zikashikana moja kwa moja hata zikawa kitu kizito. Rangi ya mafuta ipakwayo milangoni hukauka kwa njia hiyo hiyo. Jambo ambalo fundi wa jahazi hulitamani lipate kutokea juu ya ubao, ndilo ambalo mwenye injini hulichukia likitokea ndani ya tangi. Ile gundi ya hudhurungi katika kabureta ni jamaa ya rangi iliyokauka.

Namna inavyoanza ni hivi. Chembe moja ya mafuta, kwa nguvu ya joto au ya mwanga, hupokonywa haidrojeni yake moja. Chembe hiyo sasa ina upungufu na haiwezi kutulia, basi huishika oksijeni iliyo karibu. Ikiisha kuishika, humnyang'anya jirani yake haidrojeni ili kujitosheleza. Jirani naye amekuwa na upungufu, hushika oksijeni, humnyang'anya wa tatu, na mambo huendelea hivyo. Ni kama moto wa nyika: cheche moja huwasha jani moja, na jani huwasha jani. Kwa siku za mwanzo mabadiliko hayaonekani hata kidogo, na petroli huwa safi machoni. Kisha hufika wakati ambapo kasi huongezeka ghafula, na ndipo huonekana rangi kugeuka kuwa ya manjano na baadaye ya hudhurungi, harufu ikawa ya uchungu kama vanishi, na gundi na tindikali zikaanza kufanyika. Tindikali hizo hula metali za tangi na za pampu. Tena vitu vile vya kwanza vinavyofanyika, kabla ya gundi kuonekana, huifanya petroli iwake kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na injini ikagonga.

Si chembe zote zilizo dhaifu sawasawa. Ziko zilizoshiba haidrojeni, nazo hukaa miaka mingi bila shida. Ziko nyingine zisizoshiba, nazo huitafuta oksijeni kama mwenye njaa atafutavyo chakula. Katika vyakula pia ndivyo ilivyo: mafuta ya nazi, ambayo sehemu yake kubwa imeshiba, hukawia kuchacha kuliko mafuta ya alizeti. (Mafuta ya ufuta hayakushiba, na hata hivyo hudumu sana, sababu ni kwamba ufuta una dawa yake ya asili ndani yake inayozuia oksijeni.) Zamani petroli ilipatikana kwa kuchemsha tu mafuta ghafi na kukusanya mvuke, na petroli hiyo ilikuwa na gundi kidogo. Lakini motokaa zilipozidi kuwa nyingi, petroli haikutosha. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Whiting, jimbo la Indiana huko Marekani, ilianza kutumiwa njia ya William Burton ya kuyatia mafuta mazito joto kali na mgandamizo mpaka chembe kubwa zikavunjika kuwa ndogo. Petroli ikaongezeka sana. Lakini chembe zilizovunjwa hutoka na majeraha, yaani nyingi huwa hazikushiba, na katika miaka ya 1920 wenye motokaa na wenye viwanda wakaanza kusumbuliwa na gundi kuliko walivyopata kusumbuliwa zamani.

Dawa ilipatikana kutoka Ufaransa. Wataalamu wawili, Charles Moureu na Charles Dufraisse, walikuwa wakichunguza kemikali nyingine kabisa iliyotumiwa katika Vita Kuu ya kwanza, nayo ilikuwa ikiharibika upesi. Wakagundua ya kuwa kiasi kidogo mno cha vitu fulani chaweza kuizuia isiharibike. Mtu aliyepata kuzima moto wa nyika atalielewa jambo hili mara moja: haipasi kulowesha pori zima, yatosha kufyeka njia ambayo moto hauwezi kuiruka. Dawa hizo huipa chembe yenye upungufu kile inachokitaka, kisha zenyewe hutulia bila kumnyang'anya jirani, na ule mfululizo ukakatika. Siku hizi viwanda hutia dawa za namna hii katika petroli, kiasi kidogo sana. Lakini dawa hutumika ikaisha. Siku inapokwisha, moto wa nyika huanza tena.

Liko jambo moja la ajabu hapa. Mtu angedhani ya kuwa mafuta yaliyosafishwa zaidi ndiyo yatakayodumu zaidi. Kwa sehemu ni kweli, maana kusafisha kwa haidrojeni huzishibisha zile chembe zenye njaa. Lakini mafuta ghafi yana vitu vingine vya asili, baadhi yake vyenye salfa, ambavyo huzuia oksijeni kama vile dawa ya ufuta. Usafishaji mkali huviondoa pamoja na uchafu. Ndiyo sababu mafuta ya ndege yaliyosafishwa kwa njia hiyo hutiwa dawa kiwandani mara tu yanapotoka, kabla hayajapata hewa ya kutosha.

Wakaguzi wanayo njia ya kuipima petroli bila kungoja mwaka mzima. Huitia katika chombo kigumu cha chuma, wakaijaza oksijeni kwa mgandamizo wa mara saba kuliko wa hewa ya kawaida, wakakizamisha chombo katika maji yanayochemka. Kisha huangalia saa. Kwa muda mrefu mshale wa kipimo hausogei. Petroli inapoanza kunywa oksijeni kwa pupa, mgandamizo huanguka, na dakika zilizopita ndizo kipimo cha uvumilivu wake. Kanuni za Ulaya hudai isipungue dakika 360. Tena hudai kwamba gundi katika mililita 100 za petroli isizidi miligramu 5. Kiasi hicho ni kidogo sana, lakini injini ndogo ikinywa lita nyingi, na vitundu vya kabureta vikiwa vyembamba kama sindano, kidogo hicho hujikusanya.

Joto huharakisha mambo haya yote. Wataalamu hukadiria ya kuwa kila joto linapozidi kwa digrii 10 za sentigredi, kasi ya kuharibika huwa kama maradufu. Kwa hiyo pipa lililowekwa juani huko Lodwar au Lamu haliwezi kulinganishwa na pipa lililo chini ya kivuli huko Limuru, hata kama yalijazwa siku moja kutoka tangi moja. Shaba nayo ni mchochezi mbaya; bomba fupi la shaba nyekundu latosha kuharakisha kuharibika kwa tangi zima, na zinki inayopakwa juu ya mabati si rafiki ya dizeli. Mapipa na matangi ya chuma cha kawaida, au ya plastiki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, ndiyo yafaayo.

PIPA HUPUMUA

Watu hushangaa wakiambiwa ya kuwa pipa hupumua, lakini ni kweli. Mchana jua hulipasha moto, hewa na mvuke vilivyo juu ya mafuta hutanuka na kupenya nje penye kizibo kisichokaza. Usiku pipa hupoa, nalo huvuta ndani hewa mpya yenye oksijeni mpya na unyevu. Kadiri pipa lilivyo tupu ndivyo linavyopumua zaidi. Kwa hiyo pipa lililobaki robo ni baya kuliko lililojaa. Hata hivyo lisijazwe mpaka ukingoni, maana petroli nayo hutanuka: lita 200 zikizidi joto kwa digrii 20 huongezeka kama lita 4, na lisipokuwa na nafasi, pipa litavimba au litavuja.

Kinachotoka kwanza ni ile sehemu nyepesi ya petroli, ambayo ndiyo inayoshika moto injini ikiwa baridi. Petroli iliyopoteza sehemu hiyo bado yaweza kuwaka ndani ya injini iliyokwisha kupata moto, lakini kuianzisha asubuhi ni taabu. Dizeli haipotezi mvuke kwa kiasi hicho.

Habari ya vizibo ina msiba wake katika historia. Mwaka 1912 Kapteni Robert Scott wa Uingereza na wenzake wanne walikuwa wakirudi kutoka Ncha ya Kusini ya dunia, mahali pa barafu tupu. Njiani walikuwa wamewekewa akiba za chakula na za mafuta ya taa, ambayo waliyategemea kwa kuyeyushia barafu wapate maji ya kunywa. Walipozifikia akiba waliyakuta mafuta yamepungua, ijapokuwa hakuna mtu aliyeyagusa. Vizibo vilikuwa na pete za ngozi, nazo ngozi hazikuhimili baridi ile, mafuta yakatoka kidogo kidogo. Wote watano walikufa, na ingawa zilikuwapo sababu nyingine nyingi, upungufu wa mafuta ulikuwa mmoja wa mizigo iliyowalemea. Roald Amundsen wa Norway, aliyemtangulia kufika, alikuwa ameyaziba madebe yake kwa risasi ya kulehemia. Moja aliliacha katika rundo la mawe kwenye Mount Betty mwanzoni mwa mwaka ule ule wa 1912, na Wamarekani walioongozwa na Laurence Gould walilikuta mwaka 1929. Baridi na kizibo kizuri vililinda mafuta yale kwa miaka zaidi ya 17.

Pipa linalosimamishwa nje wakati wa mvua lina hila nyingine. Maji hutuama juu yake, ndani ya ukingo, yakafunika vizibo. Usiku pipa linapovuta pumzi, huyavuta maji hayo. Kwa hiyo pipa lisilo na paa juu yake lafaa kulazwa ubavuni juu ya magogo, vizibo viwili vikiwa upande wa kushoto na wa kulia kama saa tatu na saa tisa zilivyo juu ya uso wa saa ya Kizungu, ili mafuta yenyewe yavifunike kwa ndani na hewa isipite.

Maji yakiisha kuingia katika dizeli hukaa chini, maana ni mazito kuliko mafuta. Hapo hutokea mgeni asiyetazamiwa. Iko aina ya ukungu, jamaa ya ule uotao juu ya mkate wa zamani, ambao huishi katika maji na hula mafuta. Huota pale pale maji na dizeli vinapokutana, ukawa utando mweusi wenye utelezi. Watu wa ndege waliufahamu sana katika miaka ya 1950 na 1960, ndege za jeti zilipoenea, kwa kuwa ulikuwa ukiziba machujio na kula matangi ya alumini ndani ya mabawa. Katika jenereta hufanya kazi ile ile: chujio huziba, injini huwaka dakika chache kisha hufa. Bila maji ukungu huu hauishi. Kwa hiyo tangi la dizeli lina bulungutu la shida moja tu la kutazamwa kwanza, nalo ni maji yaliyo chini. Tangi lililotengenezwa vizuri huwa na bomba la kuyatolea, na kazi ya kulifungua bomba hilo kila mwezi haichukui dakika tano.

Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya mimea, kama inavyofanywa sana Ulaya, hupenda maji na oksijeni kuliko dizeli tupu. Petroli iliyotiwa spiriti ya miwa, kama ile ya Malawi tangu 1982, ina tabia ya namna nyingine. Spiriti huyanywa maji yaliyomo na kuyachukua bila kuonekana, ila kwa kiasi fulani tu. Yakizidi, kama nusu ya sehemu moja katika 100, spiriti na maji huachana na petroli kwa mara moja na kuzama chini pamoja, na injini inayovuta kutoka chini ya tangi hunywa mchanganyiko usiowaka.

MUDA NA MATUNZO

Petroli katika chombo kilichozibwa sawasawa, kivulini, yaweza kukaa hata mwaka mmoja. Chombo kikiisha kufunguliwa, muda hupungua kuwa miezi sita mahali penye baridi ya wastani, na kama miezi mitatu penye joto la digrii 30. Katika tangi la mashine ndogo yenyewe, mwezi mmoja ni kadiri ya kutosha. Dizeli hukaa kati ya miezi sita na mwaka. Lakini hesabu haianzi siku mtu anaponunua. Kiwanda cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na tangu hapo Kenya huletewa kwa meli mafuta yaliyosafishwa mbali. Yamekwisha kukaa majuma kadhaa melini, katika matangi ya Mombasa na katika bomba la kwenda bara kabla hayajafika kituoni. Wenye matangi makubwa hujua hesabu hii, ndiyo maana matangi yao mengi ya petroli yana paa linaloelea juu ya mafuta ili kusiwe na nafasi ya hewa, na ya zamani hutolewa kabla ya mapya. Hata Marekani, ambayo kwa sheria ya mwaka 1975 iliweka akiba kubwa ya taifa, ilichagua kuweka mafuta ghafi katika mapango ya chumvi chini ya ardhi, mahali pasipo hewa.

Mwenye pampu au jenereta ndogo afanye vivyo hivyo kwa kadiri yake: anunue kidogo kidogo, aandike tarehe juu ya jerikeni, atumie kwanza lililotangulia. Mashine inapowekwa kwa msimu, petroli itolewe tangini na injini iachwe iwake mpaka kabureta ikauke. Jenereta ya akiba iwashwe mara kwa mara, tena ikiwa na mzigo, na dizeli yake itumiwe na kujazwa upya kabla ya mwaka kwisha. Dawa ya kuzuia kuharibika, ikinunuliwa, itiwe siku ile mafuta yangali mapya; haiwezi kuigeuza gundi kuwa petroli tena.

Petroli iliyokaa kidogo tu, ambayo rangi yake haijabadilika, yaweza kuchanganywa na nyingi iliyo mpya ikatumika. Ile iliyokwisha kunuka vanishi isitiwe injini yo yote. Wala isitiwe katika taa au jiko la mafuta ya taa kwa kuona uchungu wa kuitupa, maana hata petroli iliyozeeka hutoa mvuke unaoshika moto katika baridi ya chini kabisa, na taa za namna hiyo zimelipuka na kuunguza watu na nyumba zao. Isimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Apelekewe mwenye gereji anayekusanya mafuta machafu. Kabureta iliyoziba haisafishwi kwa petroli mpya, kwa kuwa gundi hiyo haiyeyuki ndani yake. Fundi huiloweka katika dawa kali ya kuyeyushia rangi, akapuliza kila kitundu kwa hewa, akaosha tangi na kubadilisha chujio, ndipo atie mafuta mapya na kuvuta kamba.